Kinyozi Bila Kioo

Wateja walimwita Chiriku, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa kinyozi mwenye mdomo usiojua likizo. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajamaliza kukufunga kitambaa shingoni umekwisha kusimuliwa habari za mjomba aliyesahau kwenda kwenye harusi yake mwenyewe, na kabla povu halijakauka shavuni unacheka mpaka kiti kinalia. Watu waliwapita vinyozi wawili waliokaa bure, wakaenda kupanga foleni kwake. Yeye alijiona fundi wa vichekesho kuliko fundi wa nywele, na hakuna aliyembishia isipokuwa mkewe.

Mkewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Jioni moja Chiriku alikuwa anajisifu jinsi alivyomvunja mbavu karani wa posta, na mama huyo, akikunja nguo zilizoanuliwa, akasema bila hata kuinua macho, "Baba watoto, mtu ana wembe shingoni. Asipocheka atafanya nini?"

Hakusema kwa ubaya, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake Chiriku akaona ajaribu. Alimweka kitini fundi viatu, mteja wake wa siku nyingi, akamwekea wembe chini ya kidevu, akamsimulia kisa kisicho na kichwa wala miguu. "Mbuzi alikwenda sokoni," akasema, "halafu akarudi." Basi, kisa kimekwisha. Fundi viatu akaangua kicheko mpaka povu likamrukia kifuani. Chiriku alikiona kicheko kile kwenye kioo, akajua mkewe amesema kweli. Kwa siku kadhaa alinyoa kimya, na wateja wakadhani amefiwa.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa maigizo, kwamba wanatafutwa waigizaji wa mchezo wa kuchekesha, alisimama akalisoma neno kwa neno, yeye aliyekuwa akipita pale kila asubuhi bila kugeuza shingo. Alitaka kitu kimoja tu: mtu mzima, mwenye akili zake na shingo yake huru, acheke kwa sababu ya Chiriku. Akikosa hicho, basi miaka yote ile watu walikuwa wakicheka kwa kuogopa, na yeye hana kipaji chochote ila wembe.

"Utakwenda?" mkewe alimuuliza.

"Nitakwenda."

"Haya. Ila vaa shati lililopigwa pasi. Wakikukataa, wasipate la kusema kuhusu nguo pia."

Walioitwa kwenye usaili walipangwa kwenye benchi, katika korido iliyonuka rangi mbichi. Kila aliyeingia mlango ulifungwa nyuma yake, na walio nje wakatega masikio wasikie kicheko. Hawakusikia hata chembe. Mwalimu wa chekechea aliingia akirukaruka, akatoka amenywea. "Hawacheki wale," alisema akiokota mkoba wake. "Mimi nimefundisha watoto wanaolilia mama zao, na hao walicheka."

Vidole vya mkono wa kulia wa Chiriku vilikuwa vikijifungua na kujifumba vyenyewe, vimezoea mkasi. Na kulikuwa na jambo jingine lililomzidishia jasho. Asubuhi ile shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kunyolewa. Saa ya usaili ikafika Chiriku yuko katikati ya kichwa. Alimwambia, "Shemeji, subiri kidogo, nakuja sasa hivi." Sasa jua lilikuwa limevuka dirisha la korido na bado hajaitwa.

Alipoitwa aliona giza kwanza, kisha safu za viti vitupu, kisha mwongozaji wa mchezo, bwana mfupi mwenye miwani, amekaa na wasaidizi wake wawili. Jukwaani palikuwa na kiti kimoja na mwigizaji wa kike aliyekuwa akisoma na kila mtu tangu asubuhi, macho mekundu kwa kuchoka. Mchezo wenyewe ulihusu baba mkwe aliyekuja kutembea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilificha. Katika ukurasa aliopewa Chiriku, mkwe amekwisha kumtolea mzee begi lake mlangoni, na mzee anaomba asifukuzwe.

"Tuanze," akasema mwongozaji.

Mwigizaji akakaa kitini. Chiriku alipoona mtu amekaa kitini, miguu ikampeleka yenyewe. Akaenda kusimama nyuma ya mgongo wake, akamshika kichwa kwa ncha za vidole, akakiinamisha kidogo kushoto, akaanza kusema maneno ya baba mkwe huku akilitazama pazia la pembeni. Miaka yote ya kazi hakuwahi kumsimulia mtu kisa uso kwa uso. Alizitazama nyuso za wateja kwenye kioo, na sasa macho yake yalikuwa yanakitafuta kioo pale penye pazia.

"Kaka, unaongea na nani?" mwongozaji akauliza.

"Na mteja."

Msaidizi mmoja akakohoa. "Huyo ni mkweo," mwongozaji akasema. "Mwachie kichwa chake. Njoo mbele, mtazame machoni."

Akaja mbele. Lo! Uso wa mtu kumbe ni kitu kikubwa hivyo. Akabana sauti, akabinua midomo, akatembea kwa kuchechemea, akasema, "Mkwe wangu, nipe siku moja tu!" Mwigizaji akamjibu kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa. Chiriku akachomeka na kisa cha mjomba, ambacho hakikuwemo ukurasani. Kimya. Mahali fulani gizani kiti kikalia, si kwa kicheko.

"Asante," akasema mwongozaji, akigeuza karatasi. "Anayefuata."

Chiriku hakutoka. Alijua akiuvuka mlango ule hatashika wembe tena kwa raha.

"Bosi, bado," akasema.

"Nimeshaona, kaka. Asante sana."

"Hujaona! Naomba mara moja tu. Nakuomba. Mimi nimefunga kazi leo. Kuna shemeji yangu kule, nimemnyoa upande mmoja. Tangu asubuhi! Na hawezi kutoka, nimemfungia kwa nje, asije akaenda kumalizia kwa kinyozi mwingine. Funguo hizi hapa!" Akazitoa mfukoni, akazitikisa hewani. "Nitamwambia nini dada yake? Kwamba hata kuchekesha sikuchekesha?"

Mwigizaji alianza kutikisika mabega. Kisha akainama, kisha akapiga ukelele, akacheka machozi yakimtiririka. Wasaidizi wakalalia viti vya mbele. Mwongozaji alivua miwani, akawa anapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Mnacheka nini?" Chiriku akafoka. "Sifanyi mzaha mimi!"

Wakazidi. Alisimama pale na funguo zake, masikio yakimwaka kwa aibu. Kicheko alichokitafuta kilikuwa kimekuja, hakina uoga hata kidogo ndani yake, na kilimuuma kuliko kile kimya.

"Hivyo hivyo," mwongozaji akasema alipopata pumzi. "Baba mkwe tumempata. Lakini utaweza kuomba hivyo, kwa uchungu huo huo, kila jioni mbele ya watu?"

"Na watacheka?"

"Watacheka."

"Hata mimi nikiwa naumia?"

"Siku utakayoacha kuumia, kaka yangu, wataacha kucheka."

Hilo hakuna aliyelicheka. Chiriku aliwatazama mmoja mmoja, nyuso tupu, bila kioo. "Basi nitakuja," akasema. Sauti ikamkatika katikati ya neno, na mwigizaji akaziba mdomo kwa mikono yote miwili kuzuia kicheko.