Sura Kama Chura

Profesa wa maabara ya mwanga pale Thesaloniki, Ugiriki, hasifu kitu akipendacho, kisije kikapatwa na jicho baya. Swichi ya umeme huizungusha kwa vidole viwili, kama anayetia chumvi mchuzini, maana umeme ukizidi kioo kinaungua. Jana wageni walipokuja kuamua kama utafiti uendelee, kilibaki kioo kimoja tu kisichoungua, kidogo kama ukucha, chenye vinundu vya dhahabu visivyoonekana kwa macho. Akazungusha. Wekundu wa kioo ukageuka kijani.

“Kizuri ajabu!” mgeni mmoja akapaza sauti.

“Kizuri wapi? Sura kama chura!” Profesa akakitemea mate makavu ya kufukuza jicho baya: ftu, ftu, ftu. Kisha akamgeukia Zinovia, mwanafunzi aliyekitengeneza. “Na wewe binti, hovyo kabisa. Ftu!”

Zinovia akainama kuficha tabasamu. Miaka yote aliyomfundisha, Profesa hakuwahi kumtukana.