Damu Iliyopimwa Mara Mbili

Mwakitolyo, kwenye machimbo yetu, kila kifua kinachouma ni vumbi la mawe, na dawa ya vumbi ni maziwa. Ndiyo maana mume wangu, ambaye husaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, alipobanwa kifua asubuhi ile na kutokwa jasho la baridi, wenzake walimnywesha maziwa wakamkalisha kivulini. Lita nzima, jamani! Nilimkuta amepauka, eti anaendelea vizuri. Sikubishana naye. Nilimpakia kwenye gari la kwanza la kwenda Shinyanga mjini, akanuna njia nzima.

Hospitalini daktari, binti wa umri wa mwanetu wa kwanza, alimwamkia shikamoo, akambandika nyaya kifuani kupima umeme wa moyo. Karatasi ikatoka safi. Mume wangu akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Umeona? Mhola duhu, mimi mzima. Twende nyumbani, mama watoto."

"Bado, baba," daktari akasema.

Akatueleza kwamba shambulio la moyo si la aina moja. Mshipa ukiziba kabisa, mara nyingi karatasi ile huonyesha papo hapo. Ukiziba nusunusu, karatasi inaweza kunyamaza huku moyo unaumia. Hapo inayosema ukweli ni damu, maana moyo ukiumia hutoa kemikali ndani yake; hupimwa, ikasubiriwa saa kadhaa, ikapimwa tena. Ya kwanza walishaipima, haikuonyesha jambo.

Mume wangu akasimama, anatafuta viatu. Uvumilivu ukaniishia.

"We mwanaume! Duara likikosa dhahabu kwenye sampo ya kwanza, huwa unalifukia?"

Akanitazama. Duara lake mwenyewe, shimo la dhahabu alilokuwa nalo zamani, alilipima sampuli mara nne kabla halijatoa kitu, na wote waliomcheka nawajua. Akakaa, kanuna vilevile.

Alasiri majibu ya pili yakarudi yamepanda. Ilikuwa ile aina inayojificha. Wakamwanzishia dawa za kuzuia damu isigande, wakamlaza, na jioni kifua kilikuwa kimeachia.

"Mmewahi, mama," daktari akaniambia.

Ee Mungu wangu, neno lile! Nikakaa sakafuni nikicheka na kulia kwa pamoja, wala sikuona haya. Mume wangu, ambaye tangu anioe hajawahi kuniomba radhi hata siku moja, akanyoosha mkono kutoka kitandani akanishika bega mbele za watu wote.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuwa nakwenda kufa kwa ubishi."