Bukari ya Baba Mbele ya Posta

Mji wetu ulinuka moshi wa shaba. Upepo ukitokea upande wa lile bomba refu la kiwanda, koo liliwasha na ikabidi nguo za kwenye kamba zifuliwe upya. Lakini ukivuka reli kutoka Kamalondo, mtaa wetu wa zamani, ukaingia mjini kwa Wazungu, pua ilipata nafuu: ndakala, vile visamaki vidogo, wa kukaanga kando ya soko, na karibu na kanisa kuu la matofali mekundu, mahindi ya kuchoma. Wajukuu wangu huniomba niwasimulie uzuri wa majengo ya Elisabethville, maana ndilo jina la Lubumbashi enzi hizo. Nayajua majengo hayo vizuri mno. Niliyapita moja baada ya jingine nikiwa na miaka kumi, sufuria kichwani.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na watu wa Kasai walikuwa wakisakwa mitaani. Baba alikuwa Mluba wa Kasai, karani. Mama alikuwa mwenyeji, mzaliwa wa Kasenga aliyekulia Kamalondo. Jirani zetu Wakasai walikimbilia mapema kambi ya wakimbizi. Baba alikawia, njia zikafungwa, na Mgriki mmoja mwenye duka la vitambaa nyuma ya posta akamficha stoo. Kila mchana tulimpelekea chakula. Mbele ya posta walisimama vijana wenye minyororo ya baiskeli, na hakuna sufuria iliyopita bila kufunuliwa. Kwa hiyo mama alisonga bukari, yaani ugali, ya mahindi matupu, kama wenyeji wote wa mjini. Wakasai huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi, na kila mtu alilijua hilo.

Baba alikonda. Alimega matonge mawili, akasukuma sahani. Iliniuma sana. Siku moja mama alichelewa bombani kuteka maji, nikasonga mimi, nikatia muhogo vikombe viwili, nikafunika sufuria upesi. Nilijiona mjanja, mpumbavu mimi. Sikuwaza posta hata kidogo.

Kijana mmoja alifunua, akamega, akavuta tonge kati ya vidole. Likanyumbuka.

"Mama, hii bukari iko na muhogo. Unapelekea nani?"

Mama alielewa papo hapo, wala hakunitazama. "Ni yangu. Kwetu Kasenga tunakulaka muhogo."

"Kula basi. Yote. Hapa."

Aliketi kwenye ngazi za posta akala. Muhogo ulimsokota tumbo tangu utotoni, nyumbani hakuugusa. Alimeza tonge baada ya tonge, jasho likimtoka, na katikati akaomba maji kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nilikaza macho kwenye vidole vyake. Niliogopa asije akatapika, maana nyuma ya jengo lile baba alikuwa akitungoja. Sufuria ilipobaki tupu, kijana akatupungia mkono tupite.

Tuliingia dukani kama wanunuzi wa uzi. Baba alifunua sufuria, akamtazama mama.

"Umekula yote?"

"Njaa ilinishika, Baba."

Akageukia ukuta. Nilifungua mdomo, mama akanibana mkono hadi ukauma. Njiani aliniambia: baba angejua ya posta, angetukataza kurudi, na angekufa njaa mle ndani.

Tulirudi kila siku, na mahindi matupu, mpaka lori lilipompeleka kambini na treni ikampeleka Kasai. Hakurudi tena. Barua yake ya mwisho ilimtania mama: ile njaa yako, imekwisha? Mama alicheka, akaenda kulala mapema.

Siku hizi Kamalondo wapishi wa barabarani huuliza tu kama unataka ya mahindi au ya kuchanganya, na hakuna anayegeuka kuangalia umejibu nini. Wajukuu wangu huagiza ya kuchanganya. Baba aliishi miaka sita baada ya barua ile, bila kujua ya posta. Nilikuwa najua kuandika, na anwani yake ilikuwa kabatini.