Chumba Kilichofungwa Mchana

Kiangazi kile cha mwaka wa sabini na sita, Waingereza wa mtaa wetu wa Lozells, Birmingham, walifungua madirisha kutwa, kisha wakalalamika kwamba nyumba zinawaka. Nilicheka peke yangu. Wa kucheka naye sikuwa naye.

Kwetu Mandera nyumba ya mama ilikuwa ya udongo, kuta nene. Usiku aliacha mlango na vidirisha wazi, kuta zipoe. Jua likichomoza alifunga kila kitu na kunyunyiza maji sakafuni. "Joto ni mgeni asiye na adabu," alisema, "usimfungulie." Ndani tulikaa raha mustarehe, nje mbuzi wakihema.

Chumba changu cha ghorofani huku Lozells kilikuwa cha matofali, lakini nilifanya vivyo hivyo.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, muuguzi mwenzangu, mzaliwa wa Limuru kwenye baridi. Mji mzima ndiye pekee niliyeongea naye Kiswahili. Jumapili moja ya kiangazi hicho, saa kumi jioni, angepanda treni ya London, kisha ndege ya Kanada, ahamie huko moja kwa moja. Nikamwalika chakula cha mchana tuagane. Siku zote alinitania: "Dada, nyinyi wa jangwani mnaishije kwenye oven?" Nilitaka aingie, ausikie ule ubaridi, anyamaze. Kusema kweli nilitaka zaidi: mtu mmoja hapa Birmingham apaone kwetu.

Nilipika wali na mbuzi alfajiri, jiko lisije likatia joto. Nikafunga madirisha, nikashusha mapazia, nikatundika shuka lililoloweshwa maji. Kufika saa sita chumba kilikuwa kama cha mama. Nikajilaza kidogo kumngoja, usingizi ukanipitia. Tangu nifike Uingereza sikuwahi kulala vile.

Nilizinduka saa kumi na moja. Mlangoni chini palikuwa na pakiti ya majani ya chai na kikaratasi: "Dada, nimegonga mpaka nimechoka. Nimetazama juu, kumefungwa kote na joto hili, nikajua umeitwa kazini. Nitakuandikia."

Kwetu nyumba iliyofungwa adhuhuri ina watu ndani. Kwao Limuru, kama hapa, haina mtu. Sikufikiria kumwambia.

Jua lilipozama nikafungua madirisha yote, kama mama. Nikakaa mbele ya sahani mbili, nikalia kwa sauti. Mtaa mzima ulikuwa nje ukipunga upepo, ukinisikia. Hakuna aliyegonga.