Ukuta wa Chupa

Kwetu Buhongwa, miaka ile ya tisini, ukisikia mwano, lile yowe la hatari, unaacha ugali na kukimbia na chochote ulichoshika. Asiyetoka alitengwa: hasalimiwi, hapewi hata moto wa kupikia.

Jirani yetu alitajirika kwa kuviuzia viwanda sangara, akajenga ukuta wenye vipande vya chupa juu. Wezi wa ng'ombe walipomkata mama mkono kwa panga, akapiga mwano, bwana yule alifunga geti. Tukamtenga.

Mwaka uliofuata, mchana kweupe, wezi wakamvamia yeye. Akapiga mwano.

"Acha wamchinje," nikasema.

Mama alinizaba kofi nikaona nyota. Akakamata mchi kwa mkono wake mzima, akatoka mbio, mimi na majirani nyuma yake. Geti lilikuwa limefungwa. Tukauparamia ukuta, chupa zikatuchana viganja, tukawapiga wale wezi mpaka udongo ukalowa damu.

Jioni jirani alileta mbuzi. "Nisamehe, mama."

Mama alikuwa anafunga kiganja changu kwa kitambaa, akivuta fundo kwa meno. Hakumtazama.

"Mbuzi rudi naye. Kang'oe zile chupa. Siku nyingine tukija tusichanike."