Nafasi ya Karakana

Kiwandani kwetu, mtaa wa viwanda wa Jacobs, tunatengeneza magodoro, na mimi nimefunga mengi kiasi kwamba Afrika nzima ikiamua kulala mchana, hakuna atakayelala sakafuni. Lakini moyo wangu ulikuwa ng'ambo ya wavu wa chuma, kwenye karakana, ambako mafundi walifungua mashine za kushona na kuzifunga tena zikiimba. Harufu ya grisi ikinijia saa ya chakula, nasahau kutafuna.

Shule ya usiku nilikuwa nimemaliza, cheti cha ufundi mitambo ninacho. Kilichobaki ni mazoezi: mwajiri akuweke chini ya fundi, ushike spana, ndipo ukafanye mtihani wa mwisho. Bila bosi kukubali, cheti changu kilikuwa picha ya chakula.

Mke wangu alinisukuma. "Papa, muombe. Lakini usianze na mizaha yako."

Nikaanza nayo. Ndivyo nilivyoumbwa, hata kwenye foleni ya vibali vya ukimbizi nilichekesha walinzi. Jumatatu nilimkuta bosi mlangoni, nikampigia saluti: "Bosi, nipeleke karakana, la sivyo naoa ile mashine kubwa ya kushona!"

Alicheka hadi akashika ukuta. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka kuliko wote, nikaondoka nikidhani ombi limefika.

Ijumaa, baada ya kusubiri jibu tangu Jumatatu, niliingia ofisini nimevaa shati la kanisani.

"Bosi, naomba unipe nafasi ya kujifunza karakana. Masomo nimemaliza."

Akanitazama. "Eish! Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Tangu siku ya kwanza, bosi."

"Nafasi ilikuwa moja, ndugu yangu. Jana nimempa dada wa stoo, alikuja kuniomba. Jaribu tena mwakani."

"Sharp, bosi," nikasema, yaani sawa. Nikarudi kwenye magodoro yangu.

Alasiri ile mashine kubwa ilikohoa, ikasimama. Fundi akaja, na nyuma yake dada wa stoo, ovaroli mpya, mkoba wa spana begani. Nilisogeza magodoro wapite.

"Hongera, dada," nikamwambia, na nilimaanisha.

Akapiga magoti, akafungua kifuniko, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Wenzangu wakanigeukia, wakisubiri utani. Sikuwa nao. Nilikuwa nimenyoosha shingo kama twiga, nione ndani kukoje.