Siku ya Kukaa na Osmarino

Walipoleta mashine za kuvunia miwa hapa Santa Odila, mkubwa wa kiwanda alisimama mbele ya kanisa akatuambia, "Sasa chuma kitafanya kazi, ninyi mtapumzika." Tukapiga makofi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse wakata miwa wenye migongo iliyokwisha.

Jirani yangu Jandira alifurahi kuliko wote. Yeye na mumewe Osmarino walikata miwa tangu ujana, wakirudi weusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, lakini Jumapili ilikuwa yao. Osmarino alishika kodiani, Jandira akicheza uani mpaka jirani mwenye wivu, yaani mimi, afunge dirisha.

Mashine haijui Jumapili. Kiwanda kikawa kinasaga usiku na mchana, na watu wakapangwa makundi: kazi siku tano, pumziko moja, kila kundi na siku yake. Osmarino akapewa kuendesha mashine, Jandira akapelekwa jikoni. Siku ya mmoja haikukutana na ya mwenzake, na kwa mpango ule isingekutana mpaka kaburini.

"Shoga, mume wangu siku hizi namjua kwa sahani anazoacha," aliniambia.

"Afadhali wewe. Wangu anashinda nyumbani, na sahani haoshi."

Akacheka, kisha akalia.

Akaenda kwa msimamizi kuomba ahamie kundi la mumewe.

"Mama, ukipumzika naye mtafanya nini?"

"Nitakaa na mume wangu."

"Kukaa tu?"

"Kwani wewe mkeo hukai naye? Basi mpe pole."

Yule bwana alimzungusha msimu mzima ndipo akakubali.

Siku ilipofika, Jandira aliamka alfajiri akapika kuku kwa bamia, akavaa gauni la manjano. Osmarino alitoka zamu ya usiku, akaoga, akaketi barazani. "Umependeza, mke wangu," akasema, na usingizi ukamchukua uma ungali mkononi.

Nilipita jioni. Chakula kilikuwa kimepoa. Osmarino alikuwa bado amelala, mkono wa kulia ukisukuma na kuvuta hewa kana kwamba ameshika gia ya mashine. Jandira alikuwa akimfukuzia nzi.

"Si umwamshe," nikasema.

"Nikimwamsha ataniomba radhi, na mimi itabidi niseme si kitu." Akafukuza nzi mwingine. "Nimemkosa mtu huyu, shoga. Hata sasa namkosa."

Akauchukua ule mkono taratibu, akauweka pajani pake, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Ukaendelea kusukuma na kuvuta.